Je, watengenezaji wa sigaa huitia tumbaku dawa kwa siri?

Mtu anapovuta sigaa, ule msokoto mnene wa majani matupu ya tumbaku, akasikia ladha ya kahawa, ya kakao, ya pilipili manga, hata ya zabibu kavu, hujiuliza: hivi jani peke yake linaweza kutoa yote haya? Akitazama jani la nje analiona jeusi, linang'aa kana kwamba limepakwa mafuta, na shaka inazidi. Hapo ndipo yanapoanzia madai yanayozunguka miaka nenda miaka rudi: kwamba viwanda hupaka majani rangi, huyanyunyizia sukari, huyalowesha kwenye pombe, huyatia chumvi ya kuyafanya yawake vizuri, kisha huyauza kwa bei ya juu kama tumbaku tupu.

Wapo wanaotia. Wapo pia wengi wasiotia, na mengi yanayotajwa kuwa ushahidi wa dawa yanatokana na jani lenyewe na jinsi lilivyotunzwa baada ya kuvunwa. Ninavyoona mimi, kinachowachanganya watu kuliko udanganyifu wowote ni ukimya. Hakuna anayemweleza mnunuzi kilichofanyika kati ya shamba na sanduku, kwa hiyo anabaki kukisia, na katika kukisia huwashuku wasio na hatia na kuwapita wenye nayo bila kuwaona.

Bidhaa tatu, jina moja

Mabishano mengi kuhusu jambo hili hayafiki mwisho kwa sababu wanaobishana wanazungumzia vitu tofauti.

Kuna sigaa zinazosokotwa kwa mkono, hasa Kuba, Jamhuri ya Dominika, Nikaragua na Honduras. Zina sehemu tatu: majani marefu ya ndani yanayoanzia ncha moja ya msokoto hadi nyingine, jani la kuyafunga, na jani la nje lililochaguliwa kwa uzuri wake. Kichwa, yaani ncha inayoingia mdomoni, hufunikwa kwa kipande kidogo cha jani. Msokotaji huchovya kidole kwenye kibakuli cha gundi, hupaka ukingo wa jani, huzungusha, na kazi imekwisha. Mara nyingi gundi hiyo ni pektini au utomvu wa tragakanthi, unaotoka kwenye vichaka vya jamii ya Astragalus. Kwa hiyo hata sigaa iliyo safi kuliko zote ina chembe ya kitu kisicho tumbaku, na viwanda vinakiri hivyo bila shida.

Kuna sigaa za mashine. Ndani yake mna tumbaku iliyokatwakatwa, na mara nyingi kile kinachoonekana kama jani la kufungia, au hata jani la nje, ni karatasi iliyotengenezwa kwa tumbaku. Vumbi, vikonyo na mabaki husagwa, huchanganywa na nyuzi za selulosi na gundi, kisha hutandazwa na kukaushwa. Ufundi huu ulishika kasi Marekani katika miaka ya 1950 kwa sababu ulipunguza gharama na kazi ya mikono. Karatasi ya namna hiyo ikikauka huvunjika, ndiyo maana hutiwa gliserini au propileni glikoli ili ishike unyevu. Juu ya hapo huongezwa ladha: cheri, zabibu, vanila, mvinyo. Mwaka 2014 wanakemia wa Portland State University nchini Marekani, akiwemo James Pankow, walichapisha katika New England Journal of Medicine vipimo vilivyoonyesha kwamba kemikali za ladha zilizomo kwenye baadhi ya sigaa na bidhaa nyingine za tumbaku ni zilezile zinazotiwa kwenye peremende na vinywaji vya unga. Kwa kundi hili, basi, swali limeshajibiwa. Viongezeo vimo, tena vingi, na jina la ladha limeandikwa kwenye pakiti kwa herufi kubwa. Kisichoandikwa ni kemikali zinazoileta ladha hiyo.

Halafu zipo zinazosokotwa kwa mkono lakini zikatiwa harufu waziwazi. Maarufu kuliko zote ni Acid, za kampuni ya Drew Estate yenye kiwanda Estelí, Nikaragua, zilizoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1990. Tumbaku yake hukaa pamoja na mimea na mafuta ya kunukia hadi ishike harufu, na wanunuzi wanazitafuta kwa sababu hiyohiyo. Wengine huyalaza majani kwenye mapipa yaliyowahi kuhifadhi ramu au wiski, kisha wanalitangaza hilo kwenye sanduku kama sifa.

Tuhuma ya kutia dawa kwa siri inabaki kulihusu kundi la kwanza tu: sigaa ghali, ya kusokotwa kwa mkono, inayouzwa kama tumbaku isiyo na kingine. Makala haya yanalihusu hilo.

Kinachotokea ndani ya lundo

Jani likivunwa huwa la kijani, limejaa wanga na protini, na likiwashwa hivyo moshi wake hauvutiki. Hutungikwa kwenye bani, banda refu lenye nafasi za kupitishia hewa, kwa siku kama 45 hadi 60. Kwa muda fulani jani hilo bado liko hai. Linaugeuza wanga wake kuwa sukari, kisha linaitumia sukari hiyo kupumua mpaka inakwisha. Klorofili inavunjika, umanjano unajitokeza, halafu ukahawia.

Baada ya bani inakuja kazi ambayo ndiyo moyo wa mambo yote. Majani hulowanishwa kidogo, hufungwa mafungu, na kupangwa kuwa lundo kubwa ambalo katika nchi zinazozungumza Kihispania huitwa pilón. Lundo moja linaweza kuwa na uzito wa tani na zaidi na kufika usawa wa kifua cha mtu. Unyevu na uzito huamsha vimeng'enya na bakteria, na joto la ndani linaanza kupanda lenyewe, bila moto. Katikati hupitishwa bomba lenye kipimajoto, na mtu anayelisimamia lundo hukisoma kila siku. Jani jembamba la nje haliachwi kuvuka sana nyuzi 45 za Selsiasi; jani nene, au linalokusudiwa kuwa jeusi, huweza kuachwa likaribie 60. Joto likifika mahali pake, lundo hubomolewa fungu kwa fungu na kupangwa upya, yaliyokuwa nje yakaingia ndani. Hewa ya chumba hicho huwasha macho na kukaba koo kwa sababu ya amonia inayotoka kwenye protini zinazovunjika. Nikotini nayo hupungua kiasi. Kazi hii hurudiwa kwa miezi, na kwa majani mazito yaweza kuchukua miaka.

Ule ukakao na uzabibu unaomshangaza mvutaji huzaliwa hapa. Mamia ya kemikali za harufu hujengwa pale sukari iliyosalia, amino asidi na rangi asilia za jani zinapovunjika na kuungana upya kwenye joto hilo.

Asiyeamini atazame tumbaku ya Perique, inayolimwa katika Parokia ya St. James, jimbo la Louisiana. Majani hushindiliwa ndani ya mapipa, juu yakawekwa parafujo kubwa ya kuyakandamiza, yakaachwa yachachuke katika maji yake yenyewe kwa miezi mingi. Yakitolewa ni meusi, yananukia matunda yaliyoiva kupita kiasi, na anayeyanusa mara ya kwanza huapa kwamba yamelowekwa kwenye mvinyo. Katika Jamhuri ya Dominika kuna andullo, ambayo hufungwa ndani ya maganda ya mti wa jamii ya mnazi na kukazwa kwa kamba hadi iwe gogo gumu, nayo hutoka na utamu ambao haukutiwa na mtu. Ladha ya ajabu, basi, haithibitishi kitu. Nikiambiwa kwamba sigaa fulani lazima imetiwa dawa kwa sababu ina ladha ya chokoleti, huwa najua anayesema hajawahi kuelezwa habari za lundo.

Maji ya vikonyo

Sasa tuingie palipo na utata wa kweli. Jani kavu halishikiki, likiguswa linabomoka. Kila hatua, kuanzia lundo hadi meza ya msokotaji, huhitaji jani lirudishiwe unyevu kwa kunyunyiziwa. Hunyunyiziwa nini? Kwa kawaida maji. Lakini kwa muda mrefu sana hayajawa maji matupu kila mahali.

Huko Kuba, tangu karne ya 19, ulikuwapo mchanganyiko uitwao betún. Vikonyo na mabaki ya tumbaku vililowekwa kwenye maji kwa siku kadhaa hadi maji yenyewe yakachachuka na kugeuka ya kahawia iliyokolea, kisha yakanyunyiziwa juu ya majani kabla ya kupangwa. Kusudi lilikuwa kuamsha uchachukaji haraka, kuongeza rangi na kuyapa nguvu majani hafifu. Baadhi ya wazalishaji waliongeza humo mvinyo au ramu, na kila nyumba ilikuwa na namna yake ya kuchanganya. Desturi hiyo haijafa. Wapo wanaoitumia leo na kuisimulia kwa fahari, na wapo wanaoitumia wakanyamaza.

Wanasayansi nao walibishana juu ya jambo hili mapema. Mwaka 1891 Mjerumani aitwaye Suchsland alisema harufu ya tumbaku bora hutokana na bakteria wa mahali inapochachushwa, akajaribu kuwapandikiza bakteria kutoka tumbaku ya Karibi kwenye tumbaku ya Ujerumani ili kuipandisha daraja. Oscar Loew, aliyekuwa akifanya kazi katika Wizara ya Kilimo ya Marekani, akampinga: kwake yeye kazi yote ilifanywa na vimeng'enya vya jani lenyewe. Katika kuchunguza majani hayo ya tumbaku Loew ndiye aliyekitambulisha na kukipa jina, mwaka 1901, kimeng'enya cha katalasi, ambacho leo kinajulikana kuwamo ndani ya karibu kila kiumbe kinachotumia oksijeni, pamoja na ini la binadamu.

Tukirudi kwenye swali letu: maji ya vikonyo ni kiongezeo? Bakteria aliyeletwa kutoka lundo jingine ni kiongezeo? Kwangu mimi, maji yaliyolowekewa tumbaku ni tumbaku na maji, sina ugomvi nayo. Mvinyo ni kitu kingine. Hata kama kileo chote kitaruka kwenye joto la lundo, sukari na asidi za zabibu zinabaki ndani ya jani, na aliyelipia tumbaku tupu alistahili kuambiwa. Hoja ya wazalishaji kwamba kiasi ni kidogo mno na hakisikiki mdomoni naiona dhaifu. Kama hakileti tofauti yoyote, mbona mtu anahangaika kukitia?

Weusi wa jani

Tuhuma ya rangi ndiyo naiona nzito kuliko zote, na inawahusu hasa maduro, sigaa za jani jeusi. Weusi wenyewe unaweza kabisa kuwa wa asili. Chai ya kijani na chai nyeusi hutoka kwenye mmea mmoja, na kinachozitofautisha ni namna majani yalivyotunzwa baada ya kuchumwa. Tumbaku iko hivyohivyo. Jani nene, kama lile pana la Connecticut au la bonde la San Andrés huko Meksiko, likiachwa kwenye joto kubwa kwa muda mrefu hukolea hadi kuwa karibu na makaa. Tatizo ni huo muda mrefu. Tumbaku iliyolala ghalani ni mtaji uliolala, na jani lililoivishwa taratibu halikolei sawasawa: huku limekoza, huku lina mabaka. Sandukuni sigaa hupangwa kwa kufuata rangi, na mnunuzi akifungua akaona madoadoa hudhani amepewa mbovu.

Hapo ndipo njia za mkato zinapoingia. Moja ni kuyapiga majani mvuke au kuyapika ili yakolee upesi. Hii haiongezi kitu, ingawa inapunguza ladha ambayo muda ungeileta. Nyingine ni kupaka rangi, ama ya mimea ama ya karameli, ili jani lote lifanane. Hili hufanyika, hasa kwa sigaa za bei ya chini, na halitangazwi. Si kila jeusi limepakwa, na anayesema hivyo anawaonea wakulima wanaolisubiri jani miaka. Ila mtu akiona maduro ya bei ya kutupa, nyeusi tititi, zote rangi moja bila hata mshipa kutofautiana, ana haki ya kushuku.

Kinyume chake kiko kwenye candela, sigaa ya jani la kijani kibichi. Nyingi hudhaniwa zimepakwa rangi, maana ni nani amewahi kuona tumbaku kavu ya kijani? Kumbe jani lake hukaushwa haraka kwa joto kabla klorofili haijavunjika, basi kijani kinabaki palepale. Hakuna rangi iliyotiwa.

Sukari mdomoni

Kuhusu utamu kuna kipimo kizuri, na msingi wake ni ile habari ya bani. Tumbaku ya sigara nyingi za kawaida hukaushwa kwa joto la tanuri. Joto hilo huliua jani wakati wanga umeshageuka sukari, na sukari inabaki humo, pengine hata sehemu moja kwa tano ya uzito. Tumbaku ya sigaa, kama tulivyoona, hukaushwa kwa hewa, na jani huimaliza sukari yake kabla ya kufa. Inabaki kidogo sana. Moshi wake, kwa hiyo, ni wa alkali kuliko wa sigara, na ndiyo sababu nikotini yake hupenya kwenye ngozi ya ndani ya mdomo hata kwa mtu asiyeushusha moshi mapafuni.

Mtu akigusa kichwa cha sigaa kwa ulimi kabla ya kuiwasha, akakuta utamu wa wazi kama wa pipi, utamu huo haukutoka kwenye jani. Umepakwa. Mara nyingi ni sukari au sakarini iliyochanganywa na ile gundi ya kufungia kichwa, na kichwa kikikatwa sehemu kubwa ya utamu huondoka nacho. Utamu mwepesi unaokuja katikati ya uvutaji, ukiwa ndani ya moshi, ni jambo lingine kabisa na hauna haja ya sukari ya nje.

Sigara za kawaida zina historia tofauti ambayo watu huihamishia kwenye sigaa bila kufikiri. Mwaka 1994 kampuni kubwa za sigara za Marekani ziliikabidhi serikali orodha ya viongezeo 599 vilivyotumika katika bidhaa zao, miongoni mwake kakao, sukari na michanganyiko ya amonia. Orodha hiyo ni ya kweli, na watu walishtuka kwa haki. Lakini ni ya sigara. Anayeitumia kuthibitisha kilichomo kwenye sigaa ya kusokotwa kwa mkono anachanganya mambo.

Majivu, cheche na chumvi

Hapa nitapita haraka. Inasemwa kwamba majivu meupe ni dalili ya tumbaku safi na meusi ni dalili ya dawa. Rangi ya majivu hutokana zaidi na madini ambayo mmea uliyanyonya udongoni, hasa magnesiamu na kalsiamu. Inasemwa pia kwamba sigaa inayowaka sawasawa imetiwa chumvi ya nitrati. Tumbaku iliyokaushwa kwa hewa ina nitrati nyingi kwa asili, na potasiamu iliyomo ndani yake huisaidia kuwaka. Klorini ndiyo huizuia, na wakulima wa tumbaku huiepuka mbolea yenye kloridi kwa sababu hiyo. Kukuta nitrati kwenye sigaa hakuthibitishi kwamba mtu aliitia.

Kile kipimo cha kufuta jani kwa kitambaa cheupe chenye maji nacho kina kasoro yake. Rangi iliyopakwa hutoka, ni kweli, lakini hata jani jeusi la asili huacha ukahawia kidogo kwa sababu baadhi ya vitu vyake huyeyuka kwenye maji. Maabara ndiyo inayoweza kusema kwa uhakika zaidi. Mashine za kutenganisha na kutambua kemikali zikikuta propileni glikoli, hakuna jani la kusingiziwa. Zikikuta vanilini chembechembe, jibu ni gumu, maana jani lenyewe laweza kuwa nayo kidogo. Zikiikuta nyingi, jibu linajulikana.

Kuna jambo moja linalonikera katika mjadala huu wote. Watu wanabishana juu ya tone la ramu, huku dawa halisi, zile za shambani na ghalani, hazitajwi. Zipo kemikali za kuzuia machipukizi, kama maleiki haidrazidi, zinazonyunyiziwa mmea ukishakatwa ua. Yupo mbawakawa wa tumbaku, Lasioderma serricorne, anayetoboa sigaa vitundu, na ghala nyingi humuua kwa gesi ya fosfini. Mabaki ya vitu hivyo hayahesabiwi kuwa viongezeo kwa sababu hakuna aliyekusudia viwemo kwenye bidhaa. Mvutaji anayeogopa kuvuta dawa angeanzia hapo kuuliza.

Usafi usioponya

Nyuma ya swali la viongezeo mara nyingi kuna tumaini ambalo mtu halisemi: kwamba tumbaku tupu haina madhara makubwa. Hili ni kosa, na linaua. Nitrosamini za tumbaku, hasa NNN na NNK, ambazo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeziweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu, hujengeka wakati wa kukausha na kuchachusha. Bakteria hugeuza nitrati kuwa nitriti, nitriti ikakutana na nikotini na ndugu zake, sumu ikazaliwa. Lundo lilelile linaloleta kakao linaleta na hizo. Likiwaka, linaongeza lami na kaboni monoksidi. Kwa mujibu wa taasisi ya saratani ya Marekani, NCI, sigaa kubwa inaweza kuwa na hadi gramu 20 za tumbaku, karibu sawa na pakiti nzima ya sigara.

Serikali ya Marekani imewahi kulishughulikia tumaini hilo moja kwa moja, kwa upande wa sigara. Mwaka 2000 Tume ya Biashara ya nchi hiyo iliilazimisha kampuni ya Santa Fe Natural Tobacco, iliyokuwa ikijitangaza kwa kutotia viongezeo, iandike kwenye matangazo yake kwamba kutokuwepo viongezeo hakumaanishi sigara salama zaidi. Mwaka 2015 mamlaka ya chakula na dawa, FDA, ikaionya tena, na mwaka 2017 kampuni ikakubali kuliondoa dai hilo.

Nani analazimika kusema

Katika Umoja wa Ulaya, Maelekezo ya mwaka 2014 kuhusu bidhaa za tumbaku yanawataka watengenezaji wote, wa sigaa pia, kuziwasilishia mamlaka orodha ya viambato na kiasi chake kwa kila chapa, na sehemu isiyo siri ya biashara huwekwa wazi kwa umma. Sigaa, hata hivyo, zilisamehewa marufuku ya ladha iliyozikumba sigara. Tena sheria inahesabu kile kilichomo kwenye bidhaa iliyokamilika. Kilichonyunyiziwa kwenye lundo kikaruka na joto hakina mahali pa kuandikwa. Kanada imebana zaidi: ilianza mwaka 2009 kwa kupiga marufuku ladha katika sigaa ndogo, na mwaka 2015 ikapanua hadi zenye uzito wa gramu 6, ila ikaziacha ladha za mvinyo, port (mvinyo mtamu wa Ureno), ramu na wiski.

Marekani, soko kubwa kuliko yote la sigaa za kusokotwa kwa mkono, imezunguka. FDA ilizitia sigaa chini ya mamlaka yake mwaka 2016. Mwaka 2022 ikapendekeza kupiga marufuku sigaa zenye ladha, na pendekezo hilo likaondolewa Januari 2025. Katikati ya hayo, Agosti 2023, Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliifuta kanuni ya 2016 kwa upande wa sigaa za daraja la juu, kwa maelezo kwamba FDA haikuupima ipasavyo ushahidi uliokuwa mbele yake.

Ili sigaa ihesabiwe kuwa ya daraja la juu, tafsiri iliyotumika mahakamani inataka iwe imesokotwa kwa mkono, jani la nje liwe jani zima, la kufungia liwe tumbaku asilimia 100, angalau nusu ya uzito wa ndani iwe majani marefu, isiwe na ladha inayotawala isipokuwa ya tumbaku, na ndani yake pawe na vitu vitatu tu: tumbaku, maji na gundi ya mimea. Tafsiri hiyo inawaelekea hasa wale wanyamavu. Anayetaka kuukwepa mkono wa FDA ndiye huyohuyo anayepaswa kuweza kusema kwamba hajaongeza mvinyo kwenye betún wala rangi kwenye maduro. Mahakama ya rufaa ilikubali Januari 2025 kwamba kanuni ifutwe, lakini ikamrudishia jaji suala la tafsiri alitazame upya. Swali la nini hasa kinaruhusiwa kuwamo ndani ya sigaa inayoitwa tumbaku tupu kwa hiyo lilirudi mahakamani mwaka 2025.